Posho ya mtoa huduma ya kwanza kazini hulipia utayari, hailipii ajali

Swali: Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha samani jijini Dar es Salaam. Tuna wafanyakazi 140 wanaofanya kazi kwa zamu tatu. Mwaka huu tumewapeleka wafanyakazi tisa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na sasa wanaomba walipwe posho kwa jukumu hilo. Uongozi umegawanyika. Mkurugenzi mmoja anasema kumsaidia mwenzako ni utu, na utu haulipiwi. Mwingine anapendekeza tulipe shilingi 10,000 kwa kila majeruhi atakayehudumiwa. Je, sheria inatulazimisha kulipa? Tukiamua kulipa, tulipe kiasi gani, fedha hiyo inakatwa nini, na je, tunaweza kuiondoa baadaye?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtwisha mwajiri wa Tanzania Bara wajibu wa kuhakikisha kwamba huduma ya kwanza inapatikana mahali pa kazi, lakini haisemi kwamba mfanyakazi aliyekabidhiwa kazi hiyo alipwe posho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, nayo haina posho ya jina hilo. Kwa hiyo wajibu wa kulipa utatokana na makubaliano yenu wenyewe, yaani mkataba wa ajira, sera ya kampuni au mkataba wa hali bora mliotiliana saini na chama cha wafanyakazi. Kabla ya kufanya lolote, fungua mkataba wa hali bora kama mnao na uusome ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu nimeona mara kadhaa kifungu cha posho ya majukumu ya ziada kikiwa kimekaa humo kwa miaka bila mtu yeyote katika ofisi ya utumishi kukikumbuka.

Kutolazimishwa na sheria, hata hivyo, hakumalizi suala lenu, na hapa naomba nimjibu kwa heshima mkurugenzi wa kwanza. Ni kweli kwamba mtu akianguka mbele yako unamsaidia bila kuuliza malipo. Huo ni utu, na mfanyakazi yeyote kati ya wale 140 atautenda. Lakini mlichowaomba hawa tisa ni kitu kingine. Mmewaomba wawepo katika zamu waliyopangiwa na wasibadilishane zamu kiholela, wakague sanduku la huduma ya kwanza kila wiki na kutoa taarifa bandeji au glavu zikipungua, waache mashine au sahani ya chakula wakati wowote wanapoitwa, wajaze daftari la majeruhi, warudie mafunzo kila cheti kinapokaribia kuisha, na wabebe hofu ya kukosea mbele ya mtu anayevuja damu. Kama kiwandani kwenu kuna wanaolipwa kwa idadi ya vipande wanavyokamilisha, mtoa huduma ya kwanza anayetumia dakika arobaini kumshughulikia mwenzake aliyekatwa na msumeno anapoteza kipato cha dakika hizo arobaini. Huo ni wajibu wa mwajiri alioukabidhi kwa watu tisa kati ya watu 140, na mtu anayebeba wajibu wa mwajiri juu ya kazi yake ya kawaida ana haki ya kuuliza analipwa nini kwa ajili hiyo.

Pendekezo la mkurugenzi wa pili nalipinga moja kwa moja, ingawa naelewa kwamba limetolewa kwa nia njema. Malipo ya shilingi 10,000 kwa kila majeruhi yanaonekana ya haki kwa sababu yanamlipa aliyefanya kazi, lakini yanageuza maana ya kazi yenyewe. Mwezi usio na ajali hata moja, ambao ndio mwezi bora kuliko yote kwa kiwanda, unakuwa mwezi ambao watoa huduma hawapati kitu. Mkwaruzo mdogo ambao ungeoshwa kwa maji na sabuni unaandikwa kama jeraha. Watoa huduma wawili wa zamu moja wanaanza kugombea majeruhi mmoja, na msimamizi anayetaka takwimu zake zionekane nzuri anamwomba aliyeumia aende kimya kimya kwenye duka la dawa la jirani. Daftari la majeruhi, ambalo lingewaonyesha ni mashine ipi inayokata watu vidole na ni saa ngapi, linapoteza ukweli wake. Nilikagua karakana moja iliyokuwa ikilipa kwa mtindo huo, nikakuta kurasa zimejaa mikwaruzo ya zamu ya mchana, na zamu ya usiku haina hata mstari mmoja. Nilipouliza, niliambiwa kwamba usiku funguo za kabati la huduma ya kwanza huondoka na mtoa huduma wa mchana. Kampuni ile ilikuwa inalipia matukio, na kwa saa nane za kila usiku haikuwa na huduma ya kwanza kabisa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jibu langu lote. Posho hii ilipie utayari, yaani kuwepo kwa mtu mwenye ujuzi, mwenye vifaa na mwenye idhini ya kuacha kazi yake papo hapo, katika kila saa ambayo kiwanda kinafanya kazi. Mlinzi wa usiku hulipwa kwa kuwa macho, iwe mwizi amekuja au hakuja. Kwa hiyo iwe kiasi maalumu kwa kila mwezi, kisichopanda wala kushuka kwa idadi ya majeruhi.

Nchini Australia, ambako posho ya huduma ya kwanza imeandikwa katika hati za kisheria zinazoweka masharti ya kazi ya sekta nyingi, hailipwi kwa kila mwenye cheti. Mfanyakazi huipata akiwa na sifa halali na pia akiwa ameteuliwa na mwajiri kufanya kazi hiyo, na mara nyingi kiwango chake huwekwa kama asilimia ya mshahara wa kigezo, yaani mshahara mmoja wa kulinganishia, ili kiongezeke pamoja na mishahara. Uingereza imekwenda njia nyingine: kanuni zake za mwaka 1981 zinamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza lakini hazimlazimishi kulipa posho, hivyo jambo hilo hubaki kwa makubaliano ya kila mahali pa kazi, kama lilivyo kwetu. Nawashauri mchukue masharti yote mawili ya Australia kama yalivyo. Cheti peke yake kisitoshe, la sivyo mwaka ujao mtakuwa na watu thelathini waliojilipia mafunzo wakidai posho. Uteuzi peke yake nao usitoshe, kwa sababu mtu ambaye cheti chake kimekwisha si mtu wa kumwekea maisha ya wenzake mikononi.

Kuhusu kiasi, kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuweka asilimia fulani ya mshahara wa kila mhusika. Kwa hesabu hiyo msimamizi wa zamu anayelipwa shilingi 1,200,000 anapata posho mara tatu ya fundi anayelipwa shilingi 400,000, ilhali wote wawili wamesomea mafunzo yale yale na wanapiga magoti sakafuni mbele ya majeruhi yule yule. Jukumu ni moja, basi kiasi kiwe kimoja kwa wote. Ili kisichakae, kifungeni kwenye mshahara wa chini kabisa unaolipwa kiwandani, kwa asilimia mtakayokubaliana. Tuchukulie kwamba mshahara huo ni shilingi 400,000 na mmekubaliana asilimia 7.5. Posho itakuwa shilingi 30,000 kwa mwezi, na itapanda yenyewe kila mishahara ya chini inapopanda, bila watu hawa kurudi ofisini kwenu kila mwaka na barua mpya ya maombi. Mtoa huduma wa zamu ya usiku anaweza kuongezewa kidogo, nami naunga mkono, kwa kuwa yeye hana meneja wala muuguzi wa karibu wa kumuuliza, na usafiri wa kwenda hospitali saa tisa usiku si rahisi kupatikana. Msichanganye nyongeza hiyo na malipo ya kazi za usiku yaliyo katika sheria, ambayo ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hayo ni haki ya kila mfanyakazi wa usiku, na posho haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sasa makato, ambayo ndiyo huleta manung'uniko ya mwezi wa kwanza kama hayakuelezwa mapema. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu posho inayotokana na ajira kuwa sehemu ya mapato ya mfanyakazi, hivyo inaingia kwenye PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara kabla ya kumlipa mfanyakazi. Kubadili jina lake na kuiita zawadi au motisha hakubadilishi chochote mbele ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Inaingia pia katika mshahara ghafi unaochangiwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, kwenye mchango wenu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi mnayolipa kwa kuwa wafanyakazi wenu wanazidi idadi iliyowekwa.

Mchukue fundi mwenye mshahara wa shilingi 500,000. Kabla ya posho, NSSF inamkata asilimia 10, yaani shilingi 50,000, na kodi inapigwa kwenye shilingi 450,000 zilizobaki. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, na zilizozidi zinatozwa asilimia 8, hivyo anakatwa shilingi 14,400. Akiongezewa posho ya shilingi 30,000, mchango wake wa NSSF unakuwa shilingi 53,000, kiasi kinachotozwa kodi kinakuwa shilingi 477,000, na kodi inafika shilingi 16,560. Kwa hiyo katika ile 30,000, shilingi 3,000 zimekwenda NSSF kwa jina lake mwenyewe, shilingi 2,160 zimekwenda kwenye kodi, na mkononi zimebaki shilingi 24,840. Mwonyeshe hesabu hii kabla hajasaini barua, maana mtu aliyeahidiwa elfu thelathini na kukuta elfu ishirini na nne na ushei kwenye hati ya mshahara ataamini kwamba amepunjwa na wewe.

Kwa upande wa kampuni, watu tisa kwa shilingi 30,000 ni shilingi 270,000 kwa mwezi. Ongeza mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 10, yaani shilingi 27,000, na mchango wa WCF wa asilimia 0.5, yaani shilingi 1,350, na jumla inafika shilingi 298,350 kabla ya tozo ya ufundi stadi. Gawanya kwa wafanyakazi 140 utapata shilingi 2,131 hivi kwa kila mmoja kwa mwezi. Mpelekee mkurugenzi wa kwanza hesabu hiyo, kwa sababu nadhani kilicho nyuma ya hoja yake ya utu ni hofu ya mzigo wa fedha, na mzigo wenyewe si mkubwa kama unavyosikika.

Lipo jambo jingine la hesabu ambalo lisipoandikwa huleta migogoro hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inapoeleza maana ya mshahara wa msingi inaziacha nje posho za aina zote. Malipo ya saa za ziada, ambayo ni mara moja na nusu, hukokotolewa kwa mshahara huo wa msingi, na kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, vilevile. Posho ya huduma ya kwanza ikionekana kwa jina lake katika mstari wake kwenye hati ya mshahara, haitagusa hesabu hizo. Ikichanganywa ndani ya mshahara, itakuwa imekuwa mshahara, na siku mtu akiachishwa hamtaweza kuitenganisha tena. Kwa sababu iyo hiyo, msiitumie kujazia kima cha chini cha mshahara cha sekta yenu. Mfanyakazi afike kwenye kima hicho kwa mshahara wake, halafu posho ikae juu yake.

Yote haya yawekwe katika barua ya uteuzi ya kila mmoja. Sheria inamtaka mwajiri, panapotokea mabadiliko katika maelezo ya maandishi ya ajira, ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi, na jukumu jipya lenye malipo mapya ni badiliko la namna hiyo. Barua itaje tarehe ya kuanza, zamu na eneo analohudumia, kazi zinazotarajiwa, kiasi cha posho, tarehe ya mwisho ya cheti na mtu anayemkaimu asipokuwepo. Iandike waziwazi kwamba anaruhusiwa kuacha mashine mara tu anapoitwa na kwamba hakuna msimamizi atakayemwadhibu kwa hilo. Iandike pia mipaka yake: yeye si muuguzi, hagawi vidonge vya maumivu wala dawa nyingine, na kazi yake ni kuokoa uhai na kuzuia hali isizidi kuwa mbaya hadi majeruhi afike kwa mtaalamu. Barua hii inamlinda yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu anayeumia mgongo akimwinua majeruhi, au anayechomwa na kitu chenye damu, atahitaji kuonyesha kwamba aliumia akitekeleza kazi aliyopewa na mwajiri, na barua ya uteuzi ni ushahidi mzuri atakapodai fidia WCF. Kumbuka kwamba mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko huo ndani ya siku saba tangu alipopata habari ya ajali, na daftari lililojazwa vizuri na mtoa huduma ndilo litakalowawezesha kufanya hivyo bila kubahatisha.

Naomba nikazie jambo ambalo hukuliuliza lakini linanisumbua kila ninapoona mjadala wa posho. Fedha isije ikawa mbadala wa vitu ambavyo ni wajibu wa mwajiri kuvitoa bila malipo. Ada ya mafunzo, nauli ya kwenda huko na gharama ya kuhuisha cheti zitoke kwenye kampuni, wala zisikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara, maana sheria imeweka mipaka mikali ya makato. Siku za mafunzo zihesabiwe kuwa siku za kazi. Mkiwapeleka siku yao ya mapumziko, walipeni kama mtu aliyefanya kazi siku ya mapumziko, yaani mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa hizo. Wapeni chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita, na muwe na utaratibu unaojulikana wa kumfikisha kituo cha afya haraka yeyote aliyeguswa na damu kwenye jeraha, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Wapeni pia muda wa mazoezi. Ujuzi wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika kwa kina cha sentimita tano hadi sita, hufifia ndani ya miezi michache kama mikono haikuufanyia mazoezi, hata cheti kikiwa bado hai ukutani. Kama fedha zenu zinatosha jambo moja tu mwaka huu, kati ya mazoezi ya kila miezi mitatu na posho, nawaambia bila kusita mwanze na mazoezi, kisha muwaeleze watu tisa kwa uwazi ni lini posho itafuata.

Kuhusu kuiondoa, mnaweza, ikiwa tangu mwanzo barua imesema posho inafuata uteuzi na cheti. Mtu akihamishiwa kitengo kingine, akijiuzulu jukumu hilo kwa hiari au cheti chake kikiisha, posho inakoma kuanzia mwezi unaofuata, kwa taarifa ya maandishi. Lakini kama cheti kimeisha kwa sababu ninyi hamkumpeleka mafunzoni kwa wakati, msimwadhibu kwa uzembe wa ofisi. Endeleeni kumlipa, mwekeni mwingine mwenye cheti hai katika zamu hiyo, na mharakishe mafunzo yake. Wakati wa likizo ya mwaka ya siku 28 nashauri posho iendelee kulipwa, kwa kuwa ni malipo ya kila mwezi, na anayemkaimu alipwe yake kwa siku alizokaimu. Kuifuta posho kwa wote kwa sababu ya kubana matumizi ni jambo jingine. Hapo mtakuwa mnabadilisha masharti ya kazi, na mtapaswa kushauriana nao na chama chao kabla, la sivyo mtajibu mbele ya Tume.

Angalia vilevile jinsi hawa tisa walivyopatikana. Posho ikishaingia, uteuzi unakuwa na faida, na penye faida upendeleo haukawii. Tangazeni nafasi hizo wazi kwa zamu zote, wapewe nafasi sawa wanawake na wanaume, na msizijaze kwa wasimamizi peke yao, kwa sababu msimamizi ndiye atakayekuwa kwenye simu akiita gari na kuzima mashine wakati majeruhi anahitaji mikono miwili iliyo huru. Kwa kiwanda chenu, watoa huduma wawili kwa kila zamu na mmoja wa akiba kwa kila zamu wanatimia tisa kamili, hivyo idadi mliyonayo inatosha mradi imegawanywa hivyo. Hakikisha si sita wa mchana na mmoja wa usiku.

Limebaki suala la miezi iliyopita, kwa kuwa watu hawa wamekwisha kufanya kazi tangu waliporudi mafunzoni. Kama hakukuwa na ahadi ya maandishi wala ya mdomo, hamna deni la kisheria. Hata hivyo mimi ningeanza kuhesabu posho kuanzia mwezi uliofuata mafunzo yao, ningeilipa pamoja na mshahara wa mwezi barua zitakaposainiwa, na ningeiandika kwenye hati ya mshahara katika mstari wake kwa jina la malimbikizo ya posho ya huduma ya kwanza, ikikatwa kodi na michango kama nyingine yoyote.